Namba moja kwenye jedwali, lakini hakuitwa

Sikuwa natafuta kitabu cha kriketi. Nilikuwa natafuta kitabu cha hesabu za kodi, kwa sababu beste yangu mmoja alinishawishi kwamba nikijua kujazia wenye maduka ripoti za ushuru, kila Juni nitakula vizuri. Ndiyo nikasimama kwa mzee mmoja anayetandaza vitabu vya mtumba kando ya barabara hapa mjini Nairobi, nikaanza kupekua.

Cha kodi hakikuwepo. Kilikuwepo kitu kinene kama tofali, jalada la manjano lililofifia likafanana na ule ugali wa mahindi ya manjano ambao wazazi wetu hawataki hata kuusikia.

"Mzee, hiki ni cha nini?"

"Hicho ni cha kriketi ya Waingereza. Kijana wangu, nipe mia mbili uende nacho. Kimenikalia hapa hadi nimechoka kukipanguza vumbi."

Nikampa mia na hamsini. Hata sijui kwa nini. Nilipofika nyumbani na kukifungua, nikakuta ni Wisden ya 1959. Wisden ni kitabu cha kumbukumbu za kriketi ambacho Waingereza wamekichapisha kila mwaka tangu 1864, na hiki changu kilikuwa na msimu mzima wa 1958: kila mechi, kila mpigaji, kila mrushaji. Karibu kila ukurasa ni namba tupu. Ukiwa na usingizi mgumu, hiyo ni dawa.

Lakini kuna ukurasa mmoja ambao mwenye kitabu wa kwanza, awe nani huyo, alikuwa ameuchora kwa penseli. Ni jedwali la wastani wa warushaji. Mstari wa kwanza kabisa umezungushiwa duara, na penseli imekazwa hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Jackson, Derbyshire. Wiketi 143. Wastani 10.99.

Nikajiuliza, kwani huyu mtu alikuwa na hasira gani na hiyo namba?

Kabla sijakujibu, wacha nikueleze hiyo namba ni nini. Najua wengi wetu tunajua kriketi kama ule mchezo wa watu waliovaa nyeupe unaouona ukipita Nairobi Gymkhana, unaoanza asubuhi na jioni bado wako hapo. Kwa kifupi, kuna mpigaji mwenye gongo na kuna mrushaji mwenye mpira. Mpigaji anatafuta mikimbio, ndiyo pointi zenyewe. Mrushaji anatafuta kumtoa, na kila akimtoa mmoja anahesabiwa wiketi. Mwisho wa msimu unachukua mikimbio yote iliyofungwa kwenye mipira ya mrushaji, unagawa kwa wiketi alizopata, unapata wastani wake.

Mimi naielewa kama bei ya sokoni. Kila wiketi imekugharimu mikimbio mingapi? Ukinunua kwa 30, umepigwa bei ya mtalii. Kwa 25, wewe ni mtu wa kawaida anayejua soko. Chini ya 20, unajua vichochoro vyote vya Gikomba. Kukupa picha ya juzijuzi, mwaka wa 2019 Simon Harmer aliisaidia Essex kutwaa ubingwa wa kaunti kwa wiketi 83, akilipa 18.28 kwa kila moja, na watu walimshangilia msimu mzima. Walikuwa na haki.

Huyu Jackson alinunua wiketi 143 kwa 10.99 kila moja. Mikimbio kama 1,570 kwa msimu wote. Mara ya mwisho mtu kuongoza jedwali la Uingereza kwa bei ya chini zaidi ya hiyo ilikuwa 1894, Tom Richardson wa Surrey alipopata wiketi 196 kwa 10.32. Yaani miaka 64 ilipita. Vita viwili vya dunia viliingia hapo katikati.

Sasa basi. Nikadhani mtu wa namna hiyo ukifungua kurasa za timu ya taifa ya Uingereza utamkuta kila mahali. Nikatafuta mechi za Testi za mwaka huo, zile za taifa kwa taifa zinazochezwa siku tano. New Zealand walikuwa wamekuja Uingereza, mechi tano. Jackson hayupo. Nikatafuta kikosi kilichosafiri Australia mwisho wa mwaka huohuo. Hayupo. Nikaacha kitabu, nikaenda mtandaoni, nikatafuta maisha yake yote ya uchezaji. Alicheza Derbyshire kuanzia 1947 hadi 1963, akachukua wiketi 1,733 kwa wastani wa 17.36. Hadi leo hakuna mtu aliyeichukulia Derbyshire wiketi nyingi kumshinda.

Mechi za Testi: mbili.

Mbili, mazee. Moja 1949, nyingine 1961. Hapo ndipo nikaanza kumwelewa mwenye penseli.

Les Jackson alizaliwa 1921 kijiji kinachoitwa Whitwell, Derbyshire, sehemu za migodi ya makaa ya mawe. Alikuwa mchimba migodi. Alipoanza kuchezea kaunti yake tayari alikuwa na miaka 26, umri ambao siku hizi skauti wa soka hata hakuangalii. Kaunti zenyewe usizichanganye na hizi zetu za magavana. Kule, kaunti ni kama klabu: Surrey, Yorkshire, Kent, Derbyshire, na ligi yao ndiyo moyo wa kriketi ya daraja la kwanza. Derbyshire haikuwa klabu ya kifahari. Ilikuwa klabu ya watu wanaotoka shimoni wakiwa na vumbi jeusi kwenye kope.

Waliocheza naye wanasema mkono wake haukupanda juu kama vitabu vya ukocha vinavyofundisha. Ulikuja kwa pembeni, chini kidogo, kama mtu anayerusha jiwe lidunde juu ya maji. Haukuwa mtindo wa kupendeza kwenye picha. Lakini mpira ulitua kwenye mshono wake, ukakata kuelekea ndani, ukampiga mpigaji pajani au ukapita chini ya gongo. Na alikuwa akifanya hivyo siku sita kwa wiki. Wakati huo mechi ya kaunti ilikuwa siku tatu, na kila kaunti ilikuwa na mechi 28 za ubingwa kwa msimu mmoja. Unamaliza hapa, unafunga mizigo, kesho unaanza kwingine.

Siku moja ya Agosti 1958 Derbyshire walikuwa wakicheza na Hampshire mjini Burton upon Trent. Mvua ilikuwa imeloanisha uwanja. Siku hiyo moja tu zilianguka wiketi 39. Kwa kawaida kuanguka wiketi 39 ni kazi ya siku tatu nzima, na mechi nyingi hazifiki hapo. Hampshire, ambao walikuwa wanafukuzana na Surrey kuwania ubingwa, walitolewa wote kwa mikimbio 23. Wakarudi kupiga zamu ya pili, wakatolewa kwa 55. Warushaji wa Derbyshire waliokuwa wakiwasumbua ni Jackson na kijana wake Harold Rhodes. Hampshire walimaliza msimu namba mbili. Sijui kama waliwahi kuisamehe Burton.

Hapo lazima niwe mkweli, kwa sababu mtu anayejua kriketi akisoma hii atanirukia. Wastani wa 10.99 ulikuwa na msaada wa hali ya hewa. Enzi hizo pichi za Uingereza hazikufunikwa vizuri mvua ikinyesha. Maji yanaingia, jua linachomoza kidogo, udongo unakuwa kama keki iliyoungua juu lakini mbichi ndani. Mpira ukitua hapo hata aliyeurusha hajui utaelekea wapi. Na 1958 ulikuwa mwaka wa mvua. Kila mrushaji alivuna. New Zealand walitolewa kwa 47 na 74 pale Lord's, uwanja ambao Waingereza wanauita nyumbani kwa kriketi. Tony Lock wa Surrey, mrushaji wa spini, alimaliza ule mfululizo wa Testi na wiketi 34 kwa wastani wa 7.47. Saba! Kwa hiyo ukiniambia 10.99 ya mwaka wa mvua si sawa na 10.99 ya mwaka wa jua, nakubali.

Lakini mvua ilinyeshea kila mtu. Jedwali ni la watu wa msimu mmoja, viwanja vilevile, mawingu yaleyale. Katika wote hao, wa kwanza ni Jackson.

Kwa nini hakuitwa, basi? Nimesoma majibu mengi na kila moja lina ukweli wake.

La kwanza ni ushindani. Uingereza ya miaka hiyo ilikuwa na warushaji wa kasi hadi wengine wanabaki kwenye basi. Fred Trueman alimaliza maisha yake ya Testi na wiketi 307 kwa 21.57. Brian Statham, 252 kwa 24.84. Kulikuwa na Frank Tyson, ambaye wapigaji wa Australia walikuwa bado wanamwota. Kulikuwa na Loader, kulikuwa na Bailey. Ukiwa mteuzi unaweza kumwacha Jackson na bado ulale usingizi. Ni kama kocha wa timu yenye mastraika watano wanaofunga.

La pili ni ule mkono wa pembeni. Ilisemwa kwamba anafaa pichi za kijani za Derbyshire lakini kwenye viwanja vigumu vya Australia atapigwa. Inawezekana. Tatizo ni kwamba hakuna aliyempeleka akajaribiwa. Kile kikosi kilichokwenda Australia 1958, chini ya Peter May, kilikwenda na kina Trueman, Statham, Tyson, Loader na Bailey, kikapigwa mechi nne, kikatoka sare moja, hakikushinda hata moja. Huwezi kujua kama Jackson angebadilisha chochote. Mimi nadhani asingebadilisha sana, kwa sababu shida kubwa ilikuwa kwa wapigaji. Lakini kile kidogo ambacho angebadilisha hatutakijua kamwe, na hilo ndilo linanikera.

La tatu ni lile ambalo Waingereza wenyewe huliongea kwa sauti ya chini: tabaka.

Hadi 1962, kriketi ya Uingereza ilikuwa imegawanya wachezaji mafungu mawili. Kulikuwa na maamecha, waungwana waliocheza bila mshahara kwa sababu kwao pesa ipo, na kulikuwa na maprofeshono, waliolipwa kwa sababu bila hiyo hela watoto hawali. Timu ni moja, lakini viwanja vingi vilikuwa na vyumba tofauti vya kubadilishia nguo na hata mageti tofauti ya kuingilia uwanjani. Na kwenye karatasi ya mechi, ukiwa mwungwana herufi za majina yako zinatangulia ukoo. Ukiwa mtu wa mshahara zinafuata nyuma. Kuna kisa kinachojulikana sana cha Fred Titmus, kijana wa London aliyekuwa analipwa: siku moja pale Lord's kipaza sauti kilikatiza mambo kutangaza kwamba kwenye karatasi kuna kosa, palipoandikwa F. J. Titmus pasomeke Titmus, F. J. Hiyo ndiyo dharura iliyokuwepo.

Mwenyekiti wa wateuzi kuanzia 1955 hadi 1961 alikuwa Gubby Allen. Alisoma Eton, akasoma Cambridge, alicheza kama mwungwana, na alikuwa ameshika unahodha wa Uingereza kabla ya vita. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba Allen hakumpenda Jackson na ndiyo sababu ikaisha hivyo. Mimi siwezi kuapa, sikuwa kwenye kikao.

Na hata hiyo hadithi ya tabaka ukiivuta sana inakatika. Trueman mwenyewe alikuwa mtoto wa mchimba migodi wa Yorkshire, mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mpira wake, na bado alicheza Testi 67. Harold Larwood wa Nottinghamshire aliwahi kufanya kazi mgodini, na ndiye Uingereza ilimtumia kama silaha kule Australia 1932 na 1933, akarudi na wiketi 33. Walimpenda mchimba migodi walipomhitaji. Ila Waaustralia walipolalamika kwamba mipira yake inalenga miili ya watu, Larwood ndiye aliyeambiwa aombe msamaha, wala si aliyempa amri. Akakataa. Hakucheza Testi tena. Mwaka wa 1936 akaongoza jedwali la wastani la Uingereza nzima, wiketi 119 kwa 12.97, na simu bado haikulia.

Kwa hiyo lile duara la penseli lingeweza kuchorwa kwenye Wisden nyingi. Ukianza kutafuta unawaona. Tich Freeman wa Kent, mtu mfupi ambaye hata mimi ningemwona utosi, alichukua wiketi 304 msimu wa 1928. Hakuna binadamu mwingine aliyewahi kufikisha 300 kwa msimu mmoja. Kuanzia 1930 hadi 1935 alivuka 200 kila mwaka, miaka sita mfululizo. Testi alizocheza katika miaka hiyo sita: sufuri. Derek Shackleton wa Hampshire alichukua wiketi 100 au zaidi kwa misimu 20 bila kukosa hata mmoja, 1949 hadi 1968. Testi saba. Wisden hii yangu ya 1959 imewataja Jackson na Shackleton wote wawili kati ya wachezaji watano bora wa mwaka, kila mmoja na picha yake. Wamekaa kwenye kurasa zao wametulia tu.

Sasa niambie mbona mimi, mtu wa Nairobi nisiyejua kushika gongo, nilikaa na hili jambo usiku kucha.

Baada ya kuacha chuo mwaka wa pili (karo, na mambo mengine, story ndefu) nilipata kazi kwenye kituo kimoja cha kupiga simu. Tulikuwa tunauza bima. Ukutani kulikuwa na bodi nyeupe, na kila Ijumaa jioni msimamizi anafuta majina na kuyaandika upya kulingana na mauzo. Miezi minne mfululizo jina langu lilikuwa juu. Watu walikuwa wananiita Kipchoge. Nafasi ya kiongozi wa timu ikatokea, nikapiga pasi shati, nikajua hii ni yangu. Akapewa jamaa aliyekuwa wa sita kwenye bodi. Alikuwa na digrii, na kwenye mikutano alikuwa anaongea maneno ambayo hata mimi nilitikisa kichwa nikikubali.

Nilipouliza, niliambiwa hivi: "Wewe ni mkali kwa simu. Wacha ukae kwa simu."

Ukitafakari hilo jibu ni kama lile la pichi za kijani za Derbyshire. Wewe ni mzuri, lakini mzuri wa hapo ulipo. Na kwa vile hutatolewa hapo, hakuna siku itakayothibitika vinginevyo.

Ila nisijipake asali. Ile bodi haikuandika kwamba nilikuwa nachelewa mara mbili kwa wiki. Haikuandika kwamba nilimjibu vibaya mteja mmoja wa Thika hadi ikabidi aombwe radhi. Namba ilisema nauza, na ni kweli nilikuwa nauza. Kuhusu kuongoza watu haikusema kitu. Ndiyo maana namkubali Jackson kuliko ninavyojikubali mimi, kwa sababu yeye kazi aliyonyimwa ilikuwa ileile aliyokuwa akiifanya kila siku. Hakuomba kuwa nahodha. Aliomba kurusha mpira, na wala sijaona popote kwamba aliomba kwa sauti. Aliendelea tu. Mwaka wa 1960 alichukua wiketi 160, akiwa na miaka 39.

Nimejaribu kutafuta kama sisi tuna mtu kwenye kurasa hizi. Tuko, kwa mbali. Septemba 1958, msimu wa Jackson ukiwa ndio umeisha, hapahapa Nairobi alizaliwa mtoto anayeitwa Derek Pringle. Baba yake, Don Pringle, alikuja kuichezea Afrika Mashariki kwenye Kombe la Dunia la kwanza, 1975. Mtoto akakua, akahamia kule, akawa mrushaji wa Essex na akaichezea Uingereza Testi 30. Halafu kuna yule wetu kabisa, Collins Obuya. Februari 2003 aliwatoa Sri Lanka watano kwa mikimbio 24 pale Gymkhana, Kenya ikashinda, na mwaka huohuo Warwickshire wakamsajili. Mimi nilikuwa mtoto mdogo wakati huo. Nimesikia watu wazima wakisema siku hiyo hata makanga walikuwa wanaulizia matokeo ya kriketi, na nimeamua kuwaamini.

Na kwenye Kombe hilohilo, Aasif Karim, ambaye alikuwa amestaafu akaombwa arudi, aliwarushia Australia, timu bora duniani, ova nane na mipira miwili. Wiketi tatu, mikimbio saba. Ukipiga hesabu ya sokoni ni 2.33 kwa kila wiketi. Ni siku moja tu na huwezi kuiweka kwenye jedwali la msimu, najua. Nimeipiga hiyo hesabu kwa raha zangu.

Turudi kwa Jackson, kwa sababu simu ililia mara moja zaidi.

Julai 1961, Australia wako Uingereza, Testi ya tatu inachezwa Headingley, Leeds. Statham hayupo. Wateuzi wakaangalia huku na huku, wakamwita mchimba migodi wa Derbyshire. Alikuwa na miaka 40. Miaka 12 ilikuwa imepita tangu Testi yake ya kwanza, ile ya 1949 na New Zealand, ambapo alikuwa amechukua wiketi tatu na kurudishwa nyumbani. Fikiria umefanya intavyu ya kazi leo, halafu wakupigie tena watoto wako wakiwa sekondari.

Alienda. Zamu ya kwanza akachukua wiketi mbili kwa mikimbio 57. Zamu ya pili, mbili kwa 26. Trueman ndiye aliyeibeba ile mechi, wiketi 11, na magazeti yakaandika Trueman, Trueman, Trueman, na ilikuwa haki yake. Uingereza walishinda kwa wiketi nane, ndani ya siku tatu. Testi iliyofuata Statham alikuwa amerudi. Jackson akarudi Derbyshire.

Jumla ya mechi zake mbili: wiketi 7, mikimbio 155, wastani 22.14. Wiketi saba haziwezi kukuambia mengi juu ya mtu. Lakini ukiiweka hiyo 22.14 kando ya 24.84 ya Statham, unaona kwamba walipompa mpira hakuwaaibisha.

Alistaafu 1963 na akafariki Aprili 2007, siku chache baada ya kutimiza miaka 86.

Wiki iliyopita nilirudi kwa yule mzee wa vitabu. Nilitaka Wisden ya 1962, ambayo ndani yake kuna ile mechi ya Headingley na msimu wote wa 1961. Nilitaka pia kumuuliza ile ya manjano aliipata wapi, kwa sababu hiyo penseli inanisumbua. Akaniambia vitabu kama hivyo hutoka kwa familia zinazohama Parklands, wanauza kwa kilo, na wengi hawasemi majina.

"Mwenye hiki alikuwa anaipenda sana kriketi," nikamwambia.

"Ama alikuwa anacheza," mzee akasema. "Huwezi jua. Hiyo ya sitini na mbili nikiipata si mia na hamsini, kijana wangu. Sasa najua unazitaka."

Ameandika namba yangu nyuma ya daftari lake la madeni.